Njia Niliyowapangia Wakwe Zangu

Nitaanza na kosa langu, ili mtu asisome akidhani haya ni masimulizi ya safari nzuri. Nilipowapangia wakwe zangu wa ng'ambo safari ya gari katika mkoa wetu wa Simiyu, mama mmoja mjane wa Ipililo nusura apoteze nyumba yake, na aliyesababisha ni mimi. Hapakuwa na mwizi wala moto. Kulikuwa na daftari, kopo la rangi, na mdomo wangu ambao siku zote hausiti kusema, ila siku ile ulipotakiwa useme ndiyo ukajifunga.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naishi Somanda, hapa Bariadi mjini, nyumba ya pili kutoka kijiwe cha bodaboda, kwa hiyo siri mtaani kwetu haina maisha marefu. Binti yangu wa pili ameolewa huko ng'ambo. Wazazi wa mumewe, wote wamestaafu kama mimi, waliandika kwamba wanataka kuja kutusalimia mwezi wa saba. Nikafurahi, halafu nikaogopa. Mkwe si mgeni wa kawaida. Mkwe akilala vibaya kwako, hilo litasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Nikapanga kama watu wanavyopanga: walale Lamadi ziwani, asubuhi waingie mbugani wakaone simba, jioni warudi. Nikamtumia binti yangu mpango ule kwa simu, nikajisifu kidogo. Akanijibu: "Mama, simba wameshaona. Wanataka kuendesha wenyewe, polepole, kwenye barabara ndogo za vijijini. Wasimame wanapotaka. Waone watu wanavuna pamba."

"Barabara zipi ndogo?"

"Zozote, Mama. Za vumbi."

Loo! Barabara za vumbi zilizonitikisa figo miaka yote ya kazi, nikihamishwa shule hii na ile, leo mtu anapanda ndege ili aje azipite kwa starehe! Nilicheka peke yangu jikoni. Lakini mkwe amesema anataka vumbi, basi atapewa vumbi, tena lililopangwa vizuri.

Swali la kwanza la majirani lilikuwa kwa nini nisipande nao gari niwaonyeshe njia. Wanauliza kama vile hawajui. Kwetu wakwe tunaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Siwezi kukaa siku sita katika gari moja na baba mkwe wa mwanangu, yeye akila ndizi na mimi namwangalia. Na dereva hawakumtaka. Kwa hiyo ilibidi niwapangie njia ambayo wageni wawili wasiojua Kiswahili wala Kisukuma wangeipita wenyewe bila kupotea. Ramani ya kwenye simu haikunisaidia. Ilionyesha barabara moja nzuri kabisa ikipita katikati ya lambo, mahali ng'ombe wanapokunywa maji.

Nikaamua kwenda kuipima njia mwenyewe, wiki mbili kabla hawajafika. Nilimchukua jirani yangu wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto watano, ambaye bahati mbaya kwake nilimfundisha darasa la tatu na la nne. Mpaka leo nikikohoa ananyooka. Tukatoka Somanda alfajiri, mimi nimejifunga khanga mbili na koti, mkobani nina daftari la mistari, chupa ya chai, brashi, na kopo la rangi nyekundu lililobaki nilipopaka geti langu. Nia yangu ilikuwa kila penye njia panda niweke alama kwenye jiwe au mti, upande wa kufuata. Binti yangu angewaambia: fuateni nyekundu.

"Mwalimu," jirani yangu aliniambia tulipoiweka alama ya kwanza, "hakuna rangi nyingine?"

"Rangi nyingine nitaitoa wapi? Hii ipo, inaonekana mbali."

"Inaonekana, ndiyo. Ila hiyo nyekundu..."

"Hiyo nyekundu imefanya nini?"

"Basi, Mwalimu."

Huyo ndiye mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kwamba kuuliza si ujinga. Na huyo ndiye niliyemzoesha kuniogopa.

Tuliifuata lami hadi Maswa, nikawawekea chumba katika nyumba ya wageni pale Binza, safi, ina neti isiyo na matundu. Kisha tukaiacha lami, tukaingia barabara za vumbi kuelekea Ipililo. Ulikuwa wakati wa kuvuna. Watu walikuwa mashambani na magunia, pamba imeanikwa kwenye vichanja mbele ya nyumba, mikokoteni ya ng'ombe inapita na mizigo. Nikasema moyoni, haya ndiyo wanayoyataka, wayaone basi mpaka wachoke. Nilichokosa ni mahali pa kupumzika mchana. Wazee wale wasingeweza kukaa ndani ya gari saa sita za jua.

Ndipo nikaiona ile nyumba. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati zinang'aa, mlango wa bluu, na mbele yake uwanja uliofagiliwa mpaka michirizi ya ufagio inaonekana. Ilikuwa karibu sana na barabara, hatua chache tu. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua pamba kivulini, anatoa majani na uchafu. Umri wake kama wangu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwangaluka," akaitika, akanyanyuka kunitafutia kigoda. Tukasalimiana kama inavyopaswa, watoto, mvua, ng'ombe, mpaka tukamaliza. Akatuletea michembe ya kuchemsha, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga. Nikamwambia mimi ni mwalimu kutoka Bariadi. Akaanza kuniita Mwalimu.

Nilimsifia nyumba, na hapo akachangamka. Mumewe alifariki ikiwa msingi tu. Yeye ndiye aliyeipandisha, kwa pamba, msimu kwa msimu. Msimu mmoja matofali, mwingine mbao za kenchi, mwingine mlango. Msimu uliokuwa mbaya hakuongeza kitu, alikaa akaiangalia tu. Bati za mwisho alizipiga mwaka uliotangulia. "Mwalimu, nimelala chini ya nyasi maisha yangu yote," alisema. "Sasa mvua ikinyesha nasikia kelele, siwezi kulala kwa furaha." Akacheka akaziba mdomo kwa khanga.

Sasa nisikilizeni nilichofanya. Nilitoa daftari. Nikamuuliza nyumba ilianza kujengwa lini, ina vyumba vingapi, na uwanja wake unaishia wapi. Nilitaka kuwaandikia wakwe historia fupi ya kila mahali watakapopumzika, ualimu haunitoki. Nikamuuliza choo kiko wapi, nikaenda kukitazama, nikaandika. Kisha nikahesabu hatua kutoka ukutani hadi barabarani, nione kama gari litaweza kugeuza. Nikarudia kuhesabu, maana mara ya kwanza kuku alinipita miguuni nikasahau namba. Nikaandika hizo nazo.

Nilipogeuka, yule mama hakuwa anacheka tena. Niliona. Nikadhani amechoka.

"Baada ya wiki mbili," nikamwambia, "watakuja wageni kutoka nje. Wana gari. Wanaipita barabara hii polepole, wanaitazama. Watasimama hapa kwako."

Akaitazama barabara. Halafu akauliza, "Wakija, nifanye nini?"

"Usifanye kitu, mayu. Wapokee tu."

Ingekuwa rahisi kumwambia ni wakwe zangu, wazazi wa mkwilima wangu. Sentensi moja. Sikusema. Kwanza niliona aibu: mkwe wako hapumzishwi kwa watu baki, hupumzika kwako au kwa ndugu zako, na mimi Ipililo sina ndugu. Pili niliogopa kuonekana najionyesha, kwamba mwalimu ameozesha ng'ambo na sasa anatangaza kijiji kwa kijiji. Kwa hiyo nikasema "wageni kutoka nje" kwa sauti yangu ile ya ofisini, nikaona nimefanya adabu.

Pale mbele ya nyumba njia inagawanyika. Nikachukua kopo, nikaenda kwenye jiwe lililo kwenye kona ya uwanja wake, nikalipaka nyekundu, doa kubwa kama sahani. Alisimama kwenye mlango wake wa bluu akanitazama mpaka nikamaliza. Nikamshukuru, "Wabeja, mayu." Akaitikia. Tukapanda pikipiki tukaondoka, na njia nzima nilikuwa namsifia jirani yangu jinsi tulivyopata mahali pazuri. Alisema tu kwamba upepo unamzuia kusikia.

Wakwe walifika. Walikuwa watu wapole, warefu, wenye kofia kubwa. Walilala Lamadi, wakaja Somanda tukasalimiana, nikawalisha wali na kuku wa kienyeji, baba mkwe akala mpaka akafungua kifungo. Asubuhi wakaondoka na gari lao la kukodi, wakifuata nyekundu. Nikabaki na simu mkononi. Walikuwa wakimtumia binti yangu picha, naye ananitumia mimi na maelezo yao kwa Kiswahili. Mkokoteni. Mtoto wa punda. Pamba, pamba, pamba. Chumba cha Binza, wamependa neti. Nilikuwa na raha sana, sitaki kudanganya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilijiambia, nikachemsha chai ya pili.

Siku ya tatu, mchana, ikaja picha ya Ipililo.

Mama mkwe amekaa kwenye kigoda, ana sahani magotini, anacheka. Kando yake amesimama yule mama mwenye nyumba, amevaa gauni la kanisani, mkono wake mmoja ameunyoosha na kuupinda hewani, kama mtu anayechora nusu duara. Binti yangu aliandika: "Wanasema ndiye mama mkarimu kuliko wote waliowaona. Amewachinjia kuku. Hapo anawaonyesha njia ya kwenda mbele."

Niliikuza picha kwa vidole, nimwone uso. Hapo ndipo nikaona nyuma yake. Ukuta wa matofali ulikuwepo. Juu ya ukuta kulikuwa na anga. Bati hazipo, kenchi hazipo. Mahali pa mlango wa bluu palikuwa na tundu. Pembeni, karibu na jiwe langu jekundu, bati zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine na kufungwa kamba.

Mayu wane! Nilipiga kelele mpaka watu wa kijiweni wakaja mlangoni. Nilimwonyesha jirani yangu picha. Akaitazama, akavua kofia.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mwalimu, barabara ikitaka kupanuliwa si ndivyo wanavyofanya? Wanakuja na daftari, wanapima, wanapaka nyekundu. Baadaye linakuja katapila. Wenye akili wanatoa bati zao mapema."

"Na hukuniambia!"

"Nilianza kukuambia."

Ni kweli, alianza. Nilikosa cha kumtukania, nikapanda pikipiki.

Tulifika jua linakaribia kuzama. Wageni walikuwa wameshaondoka kurudi Binza. Yule mama alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Aliponiona alinyanyuka, akafuta mikono, akanitafutia kigoda kilekile. Sikukikalia. Nilimsalimia nikapiga magoti pale pale kwenye uwanja wake uliofagiliwa, mimi mwalimu wa watu, nikamwambia kila kitu. Kwamba hakuna barabara inayopanuliwa. Kwamba wale ni wakwe zangu, wanatembea tu. Kwamba rangi ni ya geti langu.

Alinisikiliza akiwa amesimama. Kisha akakaa chini, kwenye mchanga, miguu ameinyoosha.

"Wanatembea tu," akasema.

"Wanatembea tu, mayu."

"Wiki nzima nimelala naangalia nyota, Mwalimu. Fundi ametoa bati, na tano zimepasuka. Mlango nimeupeleka kwa kaka yangu. Nimelia mpaka nimechoka, nikasema basi, kama kufa tumezoea, kuvunjiwa ni nini?" Sauti ikapanda. "Na wewe ulikuja ukala michembe yangu! Ukaniacha na jiwe! Mdomo ulikuwa wapi?"

Alinisema, na alinisema kwa Kisukuma, lugha ambayo mtu akikusema nayo hakuna pa kujificha. Jirani yangu alijifanya anakagua tairi. Nilikubali yote. Alipomaliza akanyanyuka, akaniletea maji ya kunywa.

Baadaye, kiza kilipoingia na tukakaa pale nje kwa sababu ndani na nje palikuwa sawa, nikamuuliza. "Kama uliwadhania ndio wenye barabara, kwa nini uliwachinjia kuku?"

"Walifika kwangu," akasema, kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Mgeni unamfanyaje?"

Akajitanda khanga mabegani, akaendelea.

"Na nilisema labda wakishiba watapinda. Yule mzee nilimpa firigisi, nikamwonyesha kwa mkono. Nikamwambia, baba, piteni pale upande wa mgunga, kuna nafasi kubwa, hakuna nyumba ya mtu. Pindeni kidogo tu. Akawa anaitikia kwa kichwa, anatabasamu. Nikajua amekubali. Nikasema kesho namwambia fundi arudishe."

Sikulala. Kesho yake fundi alirudi, na jirani yangu akapanda juu na nyundo. Mimi nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vidogo vya kuweka chini ya kila msumari, vidole vikatoka malengelenge. Bati tano tulizifuata Maswa. Mlango ukarudi kutoka kwa kaka yake umefungwa kwenye mkokoteni. Jiwe nililikwangua kwa kisu na mchanga, halikutoka lote. Mama akasema niliache, sasa analijua. Siku ya pili jioni nyumba ilikuwa na paa. Lakini bati iliyowahi kupigwa msumari haisahau, matundu ya zamani hayakukutana na mbao vizuri, tukayaziba kwa lami. Mvua za kwanza zilipokuja nilimpigia simu, na mpaka leo wingu likitanda Bariadi nampigia. "Panavuja pawili," ananiambia. "Nimeweka ndoo." Halafu ananiuliza habari za wakwe zangu.

Nilirudi Somanda asubuhi ya siku waliyofika kuaga. Niliwakuta wamechomwa na jua, wamefurahi. Baba mkwe, kupitia binti yangu kwenye simu, alisema safari ilipangwa vizuri mno, na alama nyekundu hazikuwapotosha hata mara moja. Nilisema asanteni. Nikawapa mfuko wa karanga. Nilikuwa na nafasi ya kueleza, na mkalimani yuko hewani, nikaona aibu tena, ileile, nikaimeza pamoja na chai.

Picha ile wameiweka kwenye fremu, imetundikwa sebuleni kwao. Binti yangu ameniambia. Watu wakiwatembelea huwaonyesha, wakasema huyu ndiye mama aliyetupa firigisi, kisha akatuelekeza njia. Nyumba isiyo na paa wanaona ndivyo tunavyojenga.

Kwa hiyo nimeandika, kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa mara mbili. Mwanangu, ukisoma ukafika hapa, kaa na wakwe zako mbele ya picha hiyo uwasomee. Mwambie baba mkwe wako kwamba ule mkono haukuwa unamwelekeza njia. Yule mama alikuwa anamwomba asimvunjie nyumba, naye akaitikia kwa kichwa.